Je, Wajua? Pesa Ikiwa Mkononi mwa Mwanamke

Je, wajua kwamba wanaume hujipunguzia faida kwa kuuza na kununua hisa mara kwa mara? Huko Marekani, Brad Barber na Terrance Odean walikagua akaunti za kaya zaidi ya 35,000 za miaka ya 1991 hadi 1997. Wanaume walibadilisha hisa zao kwa asilimia 45 zaidi ya wanawake, wakapoteza pointi za asilimia 2.65 za faida kila mwaka. Wanawake walipoteza 1.72.

Je, wajua kwamba utafiti wa namna hii, wa wanawake, wanaume na pesa, umefika hadi sokoni Bumala, magharibi mwa Kenya? Pascaline Dupas na Jonathan Robinson waliwafungulia akaunti za benki wachuuzi, wengi wao akina mama, pamoja na wanaume waendeshao bodaboda za baiskeli. Akaunti hizo hazikuwa na riba, na kila ukitoa pesa unakatwa ada. Hata hivyo akina mama wengi walizitumia. Akiba yao ikakua, na pesa walizotia kwenye biashara kila siku zikapanda kwa asilimia 38 hadi 56. Kwa wale wa baiskeli, hakuna kilichobadilika. Mama anakubali kukatwa ada ili tu pesa yake ikae mbali na nyumbani! Ajuaye jinsi mauzo ya siku yanavyoombwa jioni, huyu karo, yule nauli, hatashangaa. Kwangu mimi huu ndio utafiti mzito kuliko tafiti zote nilizozitaja hapa: mama huyo alijua kuweka akiba tangu zamani, alichokosa ni mahali pa kuiweka.

Je, wajua kwamba M-Pesa iliwawezesha wanawake wapatao 185,000 nchini Kenya kuifanya biashara kuwa kazi yao kuu? Ni hesabu ya Tavneet Suri na William Jack, mwaka 2016.

Na je, wajua kwamba hata moyo wa kushindania pesa hutegemea mahali ulipolelewa? Katika mchezo wa utafiti, wa kutupa mpira wa tenisi ndani ya ndoo, ungeweza kulipwa kwa kila mpira ulioingia, au mara tatu ya hapo ukimshinda mwenzako. Kwa Wamasai wa Tanzania, nusu ya wanaume walichagua kushindana, wanawake asilimia 26. Kwa Wakhasi wa India ikawa kinyume: wanawake 54, wanaume 39. Huenda ndiyo sababu: kwa Wakhasi, urithi humwendea binti mdogo kuliko wote.