Sentensi yenye utata inapokabidhiwa kompyuta

KATIKA makala ya leo ningependa tuangazie suala ambalo huachiwa wanakompyuta, ilhali kiini chake ni lugha: jinsi kompyuta inavyoweza kuzalisha programu yenyewe kutokana na maelezo ya mahitaji.

Wazo hili si geni. IBM ilipotoa FORTRAN mwaka wa 1957, kugeuza fomyula kuwa maagizo ya mashine kulikuwa tayari kukiitwa uandishi wa programu unaojiendesha. Mwaka wa 1983, Russell Abbott alipendekeza njia ambayo mwanafunzi yeyote wa sarufi angeielewa: eleza tatizo kwa lugha ya kawaida, kisha uchambue sentensi. Nomino zitakupa aina za data, vitenzi vitakupa matendo.

Hebu tuchukue chama cha akiba na mikopo. Nomino ‘mwanachama’, ‘mkopo’ na ‘mdhamini’ zinakuwa visanduku katika mchoro. ‘Kopa’, ‘lipa’ na ‘dhamini’ zinakuwa matendo. Mistari inaonyesha uhusiano: mkopo ni wa mwanachama mmoja, lakini wadhamini wake wanaweza kuwa kadhaa. Mchoro huo ndio modeli ya uga. Programu maalumu huusoma na, kwa kufuata violezo, hutoa majedwali ya data, fomu na msimbo wa kukagua masharti. Sharti likibadilika, unarekebisha mchoro, si maelfu ya mistari.

Sasa basi, tatizo liko wapi? Soma sentensi hii: “Mkopo ukichelewa, mwanachama atajulishwa na mdhamini wake.” Nani anamjulisha nani? Tukiichukulia ‘na’ kuwa ya mtenda, mdhamini ndiye mpeleka habari. Tukiichukulia kuwa kiunganishi, wote wawili watapata habari. Karani angeuliza. Mashine yaweza kuchagua tu. Ikichagua maana ya kwanza ilhali chama kilikusudia ya pili, mdhamini hatapata ujumbe wowote. Atashtukia akiba yake imekatwa kulipia deni la mwenzake. Na ukiukagua msimbo, hutaona kosa! Umetekeleza barabara kile ambacho hakikukusudiwa.

Hapo ndipo modeli inapofaa: inakulazimisha uchore mshale kutoka kwa mtuma ujumbe hadi kwa mpokeaji. Jijini Paris, programu ya usalama ya treni zisizo na dereva za Metro namba 14, iliyofunguliwa mwaka wa 1998, iliundwa kwa mbinu iitwayo B. Masharti yaliandikwa kihisabati, yakathibitishwa, kisha yakazalisha takriban mistari 86,000 ya lugha ya Ada.

Siku hizi akili unde huandika msimbo kutokana na sentensi tupu, hata ya Kiswahili. Kasi hiyo inavutia, lakini utata ukiwa kwenye sentensi, huenda nayo ikakisia tu.

Walimu wenzangu wa lugha, tusidhani hili halituhusu. Mwanafunzi anayeng’amua maana mbili za sentensi ile, kisha akaandika “mwanachama na mdhamini wake watajulishwa”, ameokoa akiba ya mtu kabla kompyuta haijawashwa.