Mpox: Kirusi Kinavyobadilika na Hofu Inayokitangulia

Mpox ni ugonjwa unaosababishwa na kirusi cha ukoo mmoja na kile cha ndui. Kilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1958 kwa nyani waliokuwa wakifugwa katika maabara mjini Copenhagen, Denmark. Ndiyo maana watu wengi wa Afrika Mashariki bado wanauita homa ya nyani, ingawa nyani si makao yake ya kawaida. Wanyama wanaoshukiwa zaidi kukihifadhi ni panya na kindi wa misitu ya Afrika ya Kati na Magharibi. Binadamu wa kwanza kuthibitika kuugua alikuwa mtoto wa miezi tisa huko Basankusu, kaskazini-magharibi mwa nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mwaka 1970. Kwa nusu karne iliyofuata ugonjwa huu ulichukuliwa kuwa shida ya vijiji vya msituni. Watoto walikufa, na dunia haikushtuka. Mwaka 2023 peke yake Kongo iliandikisha wagonjwa walioshukiwa zaidi ya 14,000 na vifo zaidi ya 600.

Hofu ilipamba moto Agosti 2024. Tarehe 13 kituo cha Umoja wa Afrika cha kudhibiti magonjwa, Africa CDC, kilitangaza dharura ya afya ya umma barani, siku ya pili yake Shirika la Afya Duniani likatangaza ya kimataifa, na tarehe 15 Sweden ikathibitisha mgonjwa wa kwanza nje ya Afrika wa aina mpya ya kirusi hiki. Vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp likazuka upya swali la wakati wa Uviko-19: kirusi kikishabadilika, chanjo itafaa nini? Wengine walisema kimetengenezwa maabara, wengine wakasema mgonjwa karogwa. Swali la msingi, yaani kirusi hubadilika vipi na badiliko lipi ni la hatari, lina majibu yanayoeleweka.

Kirusi hakina akili wala shabaha. Kikiingia ndani ya seli hujinakili tena na tena, na katika kunakili huko makosa hutokea. Makosa mengi hayana athari yoyote, mengine hukiua kirusi chenyewe, na machache mno hukipa nafasi ya kuenea zaidi. Virusi vya RNA, kama vile vya mafua na Ukimwi, hukosea sana. Kile cha Uviko-19, chenye herufi za kijenetiki zipatazo 30,000, hupata takriban mabadiliko mawili kwa mwezi. Cha Mpox ni cha DNA, kina herufi karibu 197,000, na hukagua maandishi yake kinapojinakili. Kwa hesabu ya wanasayansi kilitarajiwa kupata badiliko moja au mawili tu kwa mwaka mzima.

Hesabu hiyo ilivurugika mwaka 2022. Kundi la pili kati ya makundi mawili ya kirusi hiki, lenye asili ya Afrika Magharibi, lilienea katika nchi zaidi ya 100, na jenomu yake, yaani maandishi yake yote ya kijenetiki, iliposomwa ilikutwa na mabadiliko yapatayo 50 ikilinganishwa na virusi vya karibu vya mwaka 2018 na 2019. Magazeti mengi yaliandika kwamba kirusi kimeongeza kasi. Maelezo yaliyopatikana baadaye yanatuliza kidogo. Mwili wa binadamu una vimeng'enya vinavyoitwa APOBEC3, ambavyo kazi yake ni kushambulia DNA ya kirusi kwa kugeuza herufi C, hasa ile inayotanguliwa na T, mpaka maandishi yaharibike. Kirusi kinachonusurika hubaki na alama za shambulio hilo kama mtu anavyobaki na makovu. Mengi ya mabadiliko yale 50 yalikuwa ya namna hiyo hasa.

Alama hizo zimekuwa msaada mkubwa kwa watafiti, kwa kuwa virusi vinavyozunguka kwa wanyama wa porini havina wingi wa alama hizo. Mtaalamu akisoma jenomu ya kirusi cha mgonjwa anaweza kujua kama kimetoka kwa mnyama hivi karibuni au kimekuwa kikihama kutoka mtu mmoja kwenda mwingine kwa muda mrefu. Kwa njia hiyo iligundulika kwamba kirusi kilichoenea mwaka 2022, chenye chimbuko Nigeria, kilikuwa kikiishi miongoni mwa watu tangu karibu mwaka 2016, miaka sita kabla dunia haijashtuka.

Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu katika Kivu Kusini, mashariki mwa Kongo, ndiko ilikoonekana aina iliyoitwa Ib, ya kundi la kwanza, ambalo tangu zamani linajulikana kwa ukali kuliko la pili. Wagonjwa walianza kuonekana Septemba 2023, na hawakufanana na wale waliozoeleka. Hawakuwa watoto waliogusana na nyama ya porini. Nusu yao walikuwa na umri wa miaka 22 au chini ya hapo, na kati ya 108 waliothibitishwa hadi Januari 2024, asilimia 29 walikuwa wanawake wanaofanya biashara ya ngono kwenye baa na madanguro yanayohudumia wachimbaji. Vidonda vilitokea zaidi sehemu za siri. Jenomu za virusi vyao zilikuwa na alama za APOBEC3: ugonjwa ulikuwa ukipita kutoka mtu kwa mtu, bila mnyama kati yao.

Badiliko lililostahili kuogopwa zaidi huko Kamituga halikuhusu ukali wa ugonjwa. Aina ya Ib ilikuwa imepoteza kipande cha DNA cha herufi zaidi ya 1,000, chenye jeni iitwayo OPG032. Jeni hiyo ndiyo iliyolengwa na kipimo cha PCR kilichotumika kutambua kundi la kwanza. Kipimo kilitafuta kipande ambacho hakipo tena na kutoa jibu la hapana, hali mgonjwa ana malengelenge mwili mzima. Kipimo cha jumla cha virusi vya ukoo huo kiliendelea kufanya kazi, na kwa kukitumia pamoja na kusoma jenomu nzima ndipo watafiti walipojua wana kitu kipya mikononi. Mahali pasipo na uwezo wa kufanya vyote viwili, ugonjwa ungeweza kupita bila kutambuliwa.

Kutoka Kamituga kirusi kilifuata barabara. Kilifika Bukavu na kambi za wakimbizi wa ndani za Goma, na Julai 2024 kikavuka kwenda Burundi, Rwanda na Uganda. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 31 Julai, msafiri aliyebainika mpakani Taita Taveta, na Tanzania ikatangaza wawili Machi 2025. Kambini na Burundi kilishika watoto wengi, kwa kugusana ngozi kwa ngozi na kulala kitanda kimoja, wala hakikuhitaji badiliko jingine kufanya hivyo. Msongamano ulitosha.

Jambo jingine lililokisaidia ni la kihistoria. Chanjo ya ndui ilikinga pia dhidi ya Mpox. Mgonjwa wa mwisho wa ndui ya kuambukizwa kwa njia ya kawaida aliugua Merca, Somalia, mwaka 1977. Ugonjwa ulipotangazwa kutokomezwa mwaka 1980, chanjo ilisimamishwa. Wazee wenye kovu begani wana kinga kiasi, lakini watoto wao na wajukuu wao hawana. Kwa hiyo kuenea kwa Mpox kunaelezwa kwa sehemu kubwa na badiliko lililotokea kwa watu.

Je, chanjo ya sasa itashindwa? MVA-BN, ambayo ilianza kutolewa Goma Oktoba 2024, imetengenezwa kwa kirusi hai kilichodhoofishwa cha ukoo huo huo. Inaufundisha mwili kutambua protini nyingi kwa pamoja, na virusi vya ukoo huu hufanana sana. Kirusi cha Uviko-19 kilihitaji kubadilisha protini moja ya juu ili kuipunguzia chanjo nguvu; cha Mpox kingelazimika kubadilisha nyingi kwa mpigo, jambo gumu kwa kirusi kinachobadilika taratibu.

Matibabu yametoa funzo kubwa kuliko dawa yenyewe. Katika jaribio la dawa ya tecovirimat lililofanyika Kongo kwa washiriki 597, matokeo yaliyotolewa Agosti 2024 yalionyesha kwamba dawa haikuharakisha kupona kwa vidonda. Lakini katika makundi yote mawili, waliopewa dawa na ambao hawakupewa, waliokufa walikuwa asilimia 1.7, chini sana ya kiwango cha asilimia 3.6 au zaidi kilichozoeleka nchini humo. Walikuwa wamelazwa na kuhudumiwa vizuri, pamoja na kutibiwa maradhi mengine waliyokuwa nayo. La uchungu ni kwamba vita vilipofika Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, wagonjwa wengi waliokuwa wametengwa walikimbia vituo, na huduma hiyo hiyo iliyookoa maisha ikakatika.

Shirika la Afya Duniani liliondoa tangazo la dharura tarehe 5 Septemba 2025, huku Africa CDC ikibakiza la kwake kwa wakati huo. Desemba mwaka huo Uingereza ilitangaza kupata, kwa msafiri aliyetoka Asia, kirusi chenye sehemu za aina ya Ib na sehemu za IIb, ile ya kundi la pili iliyoenea mwaka 2022, ndani ya jenomu moja. Kuchanganyika kwa namna hiyo hutokea aina mbili zinapokutana ndani ya mtu mmoja, na virusi vya ukoo wa ndui vina uwezo huo kwa asili. Kipimo kinachoangalia kipande kimoja tu cha DNA kingeona upande mmoja wa asili yake; wa pili ulijulikana kwa sababu jenomu yote ilisomwa, kazi ambayo maabara nyingi za wilayani katika ukanda wa Afrika Mashariki na Kati bado hazina mashine wala kemikali za kuifanya.