Ukuta wa Sebule, Mbawa za Mbu

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mgeni aliyekaribishwa ndani katika nyumba ya mfanyakazi wa mgodi mjini Lubumbashi, Likasi au Kolwezi aliweza kujikuta amekaa chini ya picha ya mtu anayechapwa viboko. Imechorwa kwa rangi kwenye kitambaa cha gunia la unga, ikatundikwa juu ukutani. Ndani yake kuna ua wa gereza. Mfungwa kalazwa kifudifudi, askari mweusi mwenye tarbushi nyekundu kainua kiboko, na pembeni Mzungu kasimama anatazama, kiko mdomoni. Bendera ya Ubelgiji inapepea juu yao wote. Wanawake wamekuja na chakula cha wafungwa, wanasubiri. Watu wa Katanga, eneo la migodi ya shaba nchini Kongo, waliiita picha ya namna hiyo Colonie Belge, yaani Koloni ya Ubelgiji, na wachoraji wengi waliirudia tena na tena kwa sababu wateja waliitaka.

Nani hutundika mateso juu ya makochi yake? Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu mjini Lubumbashi miaka hiyo, pamoja na Ilona Szombati-Fabian, walilifuatilia swali hilo nyumba kwa nyumba na mchoraji kwa mchoraji. Neno walilolisikia mara kwa mara lilikuwa la Kiswahili: ukumbusho. Wenyeji walizigawa picha kwa wakati zinaouzungumzia, yaani mambo ya mababu, mambo ya zamani na mambo ya sasa. Mamba muntu, yule nusu mwanamke nusu samaki anayegawa utajiri kisha akadai malipo, naye alikuwa na nafasi yake ukutani. Picha ilisifiwa kwa kufikirisha. Baba aliisimulia, mtoto akauliza, jirani akabisha. Yasipokuwapo maneno hayo, kilichobaki ni gunia lenye rangi.

Hapo ndipo Katanga ilipotofautiana na Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuuza kazi zake karibu na Morogoro Stores, Oysterbay, mwishoni mwa miaka ya 1960, wanunuzi wake wengi walikuwa wageni waliofika pale kwa manunuzi yao ya nyumbani. Chui na ndege aliowachora kwa rangi ya baiskeli wakapanda ndege kwenda Ulaya. Mchoraji wa Lubumbashi alimuuzia mtu wa mtaa wa pili, mwenye mshahara wa mgodini mfukoni, na kesho yake akipita njia angeweza kuchungulia dirishani akaiona kazi yake ilipo.

Mambo haya ya sebuleni yanagusa suala ambalo wasanii wa kisasa na wataalamu wa maonyesho wamelihangaikia kwa nusu karne: kazi ya sanaa huonyeshwa wapi, na mahali hapo panaifanya nini? Urefu wa kutoka sakafuni, taa, kilicho jirani yake, umbali wa mtazamaji, mlango aliopitia, na mtaa aliovuka kabla ya kuufikia mlango huo, vyote vinachangia maana. Mwaka 1976 Brian O'Doherty, msanii na mwandishi wa Kiairishi aliyeishi New York, alichapisha katika jarida la Artforum insha zilizokichambua chumba cheupe cha maonyesho. Kila mtu aliyewahi kuingia humo anakijua: hakuna madirisha, kuta zimepakwa chokaa nyeupe kama theluji, mwanga unashuka kutoka darini, watu wananong'ona kama wamo kanisani. O'Doherty alionyesha kwamba chumba hicho kinajifanya hakina mahali wala saa, na kwamba kujifanya huko ndiko kunakokipa kila kilichomo hadhi, hata kiwe kizima-moto kilichotundikwa pembeni.

Kiswahili kina bahati ya pekee katika mjadala huu. Jengo la kuhifadhia vitu vya kale tunaliita makumbusho, na picha ya sebuleni Katanga ikaitwa ukumbusho. Mzizi ni mmoja, kumbusha, ila anayekumbushwa si yule yule.

Ulaya ilipochoka na chumba cheupe ilianza kutafuta nyumba za watu. Mwaka 1986, katika mji wa Ghent nchini Ubelgiji, mratibu Jan Hoet aliandaa maonyesho yaliyoitwa Chambres d'Amis, Vyumba vya Marafiki, ambapo wakazi wa nyumba zaidi ya 50 walifungua milango ili wasanii wafanye kazi humo ndani. Wageni walitembea mjini na ramani mkononi, wakibisha hodi. Yalisifiwa kuwa mapinduzi, na kwa Ulaya ile yalikuwa mapinduzi kweli. Lakini ni vigumu kutotabasamu: katika koloni la zamani la nchi hiyo hiyo, familia za wachimba shaba zilikuwa zimekwisha kuzigeuza sebule zao kuwa kumbi za maonyesho, bila mratibu wala ramani.

Sebule hizo zenyewe zilikuwa upande maalumu wa mji. Lubumbashi ilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, kwa ajili ya shaba iliyochimbwa na Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya mwaka 1906 ambayo baada ya uhuru ilitaifishwa na baadaye kuitwa Gécamines. Wazungu walikaa katikati ya mji. Waafrika walipangiwa mitaa yao, kama Kamalondo, na baadaye Kenya na Katuba. (Msomaji wa Nairobi asishtuke, Kenya ni jina la komuni mojawapo ya Lubumbashi, yenye soko lake.) Kati ya pande hizo mbili serikali ya kikoloni iliacha ukanda mtupu, zone neutre, eneo lisilo la huyu wala yule.

Kipimo cha ukanda huo kilitafutwa katika mbawa za mdudu. Hoja ya maafisa wa afya ilikuwa kwamba mbu wa malaria haruki zaidi ya mita 500 hivi; basi Waafrika wakikaa mbali kuliko hapo, malaria yao haitawafikia Wazungu. Kibiolojia hoja ilikuwa legelege. Mbu wa malaria huweza kwenda zaidi ya kilomita moja, na huzaliana katika maji yaliyotuama popote, hata kwenye bustani ya gavana. Zaidi ya hayo, kila asubuhi wapishi, madobi na yaya waliuvuka ukanda kwa miguu kwenda kazini upande wa pili, wakarudi jioni. Kama shabaha ilikuwa kutenga damu na damu, mpango ulishindwa kila siku saa kumi na mbili asubuhi. Kama shabaha ilikuwa kutenga watu na watu, ulifaulu kwa miongo mingi.

Msanii Sammy Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Anajulikana kwanza kwa Mémoire, kazi ya mwaka 2006 ambamo aliwakata wafanyakazi na mabwana wao kutoka katika picha za enzi za ukoloni akawasimamisha mbele ya magofu ya viwanda vya Gécamines ya leo. Mwaka 2013 aliugeukia ukanda wa mbu, katika kazi aliyoipa jina kavu kama la ripoti ya halmashauri: Essay on Urban Planning, Insha juu ya Mipango Miji.

Ni picha 12 za rangi zilizopangwa ukutani safu juu ya safu, zote pamoja zikiwa ndefu kuliko mtu. Mtazamaji akisimama mbali anaona kitu kama ubao wa drafti. Akisogea anatambua kwamba nusu ya picha zimepigwa kutoka angani: mapaa, barabara, vichaka, na katikati yake ule ukanda. Nusu nyingine ni masanduku ya wadudu waliokaushwa na kuchomwa pini, yaliyotoka katika mkusanyiko wa Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi, na kila mdudu yuko kwenye mstari wake. Jicho linahama kutoka sandukuni kwenda mtaani, kutoka mtaani kwenda sandukuni, na baada ya muda mapaa yenyewe yanaanza kuonekana yamechomwa pini. Baloji ameambatanisha picha ya kumbukumbu ya mwaka 1929 kuhusu kampeni ya kuangamiza nzi, wakati mfanyakazi alipotakiwa kuleta nzi 50 kwa siku ndipo apewe posho yake ya chakula.

Nguvu ya kazi hii iko katika mpangilio. Angeweza kuandika maelezo marefu kuhusu ubaguzi wa makazi, nayo yangekuwa sahihi, na yangesahaulika. Badala yake amechukua njia mbili za kuonyesha vitu, ramani ya mpangaji miji na sanduku la makumbusho, akaziweka bega kwa bega mpaka zikafanana. Zote mbili hutazama kutoka juu. Zote hupanga kwa safu, hutenga aina na aina, na hudai kwamba zinafanya hivyo kwa ajili ya sayansi.

Mwaka 2015 picha hizo zilitundikwa Venice, katika jengo la Ubelgiji kwenye Bienale, yale maonyesho makubwa ya sanaa yanayorudi kila baada ya miaka miwili. Hapo mahali palifanya kazi ambayo msanii peke yake asingeiweza. Jengo hilo lilijengwa mwaka 1907 na ndilo la kwanza la nchi ya kigeni katika bustani za Bienale. Mwaka huo Kongo ilikuwa bado mali binafsi ya Mfalme Leopold wa Pili. Serikali ya Ubelgiji iliichukua mwaka uliofuata. Mgeni aliyesimama mbele ya ukanda wa Lubumbashi alikuwa amesimama pia ndani ya nyumba iliyotokana na enzi ile ile.

Wasomaji wa pwani wasidhani jambo hili ni la Wakongo peke yao. Uwanja wa Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, ni ndugu wa ukanda huo: Waingereza waliuacha wazi ili kuitenga Kariakoo ya Waafrika na mji wa biashara wa Uhindini, nao Uzunguni ukiwa mbele zaidi kuelekea baharini. Huko Nairobi, ripoti ya Profesa W. J. Simpson ya mwaka 1913 ilipendekeza mji ugawanywe kwa rangi za watu, hoja ikiwa ni afya ya umma. Watu wanaokatiza Mnazi Mmoja kila siku wakiwahi daladala wanaukanyaga mpango miji wa mbu, na hakuna kibao kinachowaambia.

Lubumbashi walau imepata watu wa kuyasema haya kwa sauti. Mwaka 2008 Baloji na wenzake, akiwamo mwandishi Patrick Mudekereza, waliasisi kituo walichokiita Picha, neno lisilohitaji kamusi. Kutoka humo ikazaliwa Bienale ya Lubumbashi, ambayo imeratibiwa na watu kama Simon Njami mwaka 2010, Elvira Dyangani Ose mwaka 2013 na Sandrine Colard mwaka 2019. Toleo la mwaka 2022 liliitwa ToxiCité, mchezo wa maneno ya Kifaransa unaounganisha sumu na mji, na katika mji uliojengwa chini ya bomba la moshi la tanuri la kuyeyushia shaba mchezo huo hauhitaji ufafanuzi. Miongoni mwa wasanii wa mji huo yumo Jean Katambayi Mukendi, anayeunda mashine tata za karatasi ngumu na nyaya: mashine za umeme kutoka katika mji ambao shaba yake inasafirisha umeme duniani kote huku taa za wakazi wake zikizimika.

Hata hivyo, bienale yoyote mjini humo inakabiliwa na suala lile lile la enzi za ukoloni: iko upande gani wa ukanda? Wageni wa ufunguzi hufika kwa ndege, hulala katikati ya mji na huona kazi nyingi katikati ya mji. Kutoka Katuba hadi huko ni nauli ya kwenda na kurudi.

Na kuna hesabu moja ambayo haijafungwa. Kati ya 1973 na 1974 Tshibumba Kanda Matulu, mchoraji wa ukumbusho aliyezaliwa Elisabethville, alimchorea Fabian historia nzima ya nchi yake, kutoka enzi za mababu hadi Zaire ya Mobutu, huku akiisimulia kwa Kiswahili cha Katanga mbele ya kinasa sauti. Picha zilifika 101. Fabian alizichapisha pamoja na masimulizi hayo mwaka 1996 katika kitabu Remembering the Present. Zenyewe zikanunuliwa na Tropenmuseum ya Amsterdam, na mwaka 2017 zikapelekwa kwenye documenta 14, maonyesho ambayo Baloji naye alishiriki. Tshibumba hakuyaona hayo. Hajulikani alipo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na sebule alizokuwa akizichorea ziliacha kununua picha mishahara ya Gécamines ilipoyeyuka.

Waholanzi wakikubali siku moja kuziazima picha hizo 101 kwa Lubumbashi, hata kwa miezi mitatu, zisianzie kwenye ukuta mweupe. Zigawiwe Kamalondo, Kenya na Katuba, nyumba moja picha moja, zitundikwe juu ya makochi, na mwenye nyumba aachiwe kusimulia.