Deni la Taifa ni Nini, na Hulipwa na Nani?

Kila mwezi Juni Waziri wa Fedha husoma Bajeti kule Dodoma, nasi tukaao bwenini hukusanyika bwaloni kusikiliza redio. Mwaka huu yalipotajwa madeni, mwenzetu mmoja alipiga meza akasema, "Serikali inayo mitambo ya noti. Kwa nini isichapishe nyingi ikalipa yote?" Bwalo zima likacheka. Lakini kicheko kilipokwisha, hapakutokea hata mmoja wa kumjibu, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliocheka. Basi nilikwenda maktaba, kisha nikamwendea mwalimu wetu wa Uraia, na haya ndiyo niliyoyapata.

Serikali hupata fedha zake kwa kodi na ushuru. Zisipotosha, hukopa. Hukopa hapa hapa nchini kwa kuuza hatifungani, ambazo hununuliwa na mabenki, mifuko ya pensheni na hata watu binafsi. (Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba anayeidai Serikali ni mwalimu anayetufundisha, kupitia pensheni yake.) Hukopa pia nje, kwa Benki ya Dunia, kwa serikali nyingine na kwa mabenki ya kigeni. Deni la nje hulipwa kwa fedha za kigeni, hasa dola. Hapo ndipo mwenzetu alipokosea, maana noti zetu, hata zikijaza magunia, huko hazipokelewi. Na zikimwagwa humu nchini, bei ya unga hupanda siku ile ile.

Jambo hili la dola lina hatari nyingine. Mwaka 1985 dola moja ilikuwa kama shilingi 17. Mwaka 2000 ilikuwa kama shilingi 800. Tuseme Serikali ilikopa dola milioni moja mwaka ule wa kwanza. Ilikopa shilingi milioni 17, na miaka kumi na mitano baadaye, bila kuongeza hata senti moja, ikawa inadaiwa shilingi milioni 800.

Watu wengi husema kukopa ni kubaya. Mimi sikubaliani nao. Tazama bwawa la Kidatu: lilijengwa kwa mikopo, lilianza kutoa umeme mwaka 1975, na mitambo yake yenye megawati 204 imetufaa miaka mingi sana. Mkopo wa namna hii hujilipa wenyewe. Sasa tazama kiwanda cha viatu cha Morogoro, nacho kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Kilikusudiwa kutengeneza jozi milioni 4 kwa mwaka na kuziuza hadi Ulaya. Hakikufikia hata sehemu moja ya kumi ya kazi hiyo, kikafungwa. Viatu havikuonekana, lakini deni lilikuwa pale pale.

Mambo mengine yalikuja yenyewe. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1973 na tena mwaka 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Na vita dhidi ya Idi Amin, vya mwaka 1978 na 1979, vilitugharimu fedha nyingi mno. Mwaka 1986 Serikali ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na sharti kubwa likawa ni kupunguza matumizi.

Hapa yafaa msomaji aelewe jinsi matumizi yanavyopunguzwa. Katiba yetu inasema kuwa deni la Taifa litadhaminiwa na Mfuko Mkuu wa Hazina. Maana yake, anayetudai huketi mezani kwanza. Kinachobaki ndicho hugawanywa kwa mishahara, dawa, barabara na chaki. Mapato yakiwa haba, sehemu ya mdai haipungui; hupungua hiyo ya chaki. Ada ilirudishwa katika shule za sekondari mwaka 1985, na katikati ya miaka ya 1990 shule za msingi nazo zikatozwa. Shilingi 2,000 kwa mwaka, pamoja na michango.

Shilingi 2,000! Leo twaweza kuziona si kitu. Lakini bibi yangu mzaa baba alikuwa mjane mwenye watoto watatu na shamba la mihogo. Mwaka 1997 alipiga hesabu zake, akaona anaweza kumlipia mmoja tu. Akamchagua baba yangu, kwa kuwa alikuwa amekaribia darasa la saba. Shangazi yangu alikuwa darasa la tatu. Alirudishwa nyumbani, na hakuna aliyemwambia kwamba nafasi yake imekwenda kulipa riba.

Wala hakuwa peke yake. Mwaka 2000, katika kila watoto 100 wa umri wa shule ya msingi, kama 59 tu ndio waliokuwa madarasani.

Mwaka 2001 mambo yaligeuka. Ada ya shule za msingi ilifutwa, na mwezi Novemba nchi yetu ikasamehewa sehemu ya madeni yake, kiasi cha dola bilioni 3 zilizopaswa kulipwa kwa miaka mingi. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa kama milioni 4.4 mwaka 2000, walizidi milioni 6.5 mwaka 2003. Madarasa yalifurika hata wengine wakasomea chini ya miti.

Sitaki mtu afikiri kwamba kila upunguzaji ni mbaya. Desemba 2015 sherehe za Uhuru zilifutwa, na fedha zake zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco hadi Mwenge, Dar es Salaam. Sijasikia mtoto aliyekosa shule kwa sababu ya gwaride. Basi Bajeti inaposomwa, mimi nasikiliza zaidi kinachokatwa kuliko kiasi kinachokatwa.

Shangazi alipata kurudi darasani mwaka 2002, katika mpango wa MEMKWA wa wale walioikosa elimu ya msingi. Alikuwa na miaka kumi na mitano, akaona haya kuketi na watoto wadogo, akaacha baada ya miezi michache. Likizo ikifika nitampelekea gazeti hili. Vichwa vya habari husoma mwenyewe. Haya maandishi madogo itabidi nimsomee.