Usipoziba Ufa: Ni Kompyuta Ipi Isiyoshikwa na Virusi?

Hapa kisiwani Mombasa, kuanzia Mwembe Tayari mpaka Mji wa Kale, mambo mengi siku hizi yanapitia kwenye kompyuta. Kijana anabeba vyeti vyake kwenye flashi hadi saiba akachapishe. Mweka hazina wa kikundi cha akina mama anaweka hesabu za akiba humo humo. Halafu siku moja flashi ikifunguliwa, folda zote zimegeuka alama zenye mshale mdogo. Ati imeingia virusi! Ndipo watu wanauliza: je, kuna kompyuta isiyoshikwa?

Virusi ni nini?

Si vijidudu. Ni programu iliyoandikwa na mtu ili ijinakili yenyewe kutoka mashine hadi mashine, iharibu au iibe. Zamani vilisafiri kwa disketi. Mwaka 2009 nyaya za baharini za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, intaneti ikawa ya kasi, na virusi navyo vikapata njia pana.

Bawabu wa kompyuta

Kila kompyuta ina mfumo endeshi, yaani programu kubwa inayoamua nani aingie na afanye nini. Mabawabu hawa hawalingani.

Windows ndiyo iliyoenea zaidi maofisini na majumbani, kwa hiyo ndiyo inayolengwa zaidi. Virusi vile vya flashi viliandikwa kwa ajili yake. Vinaficha folda zako na kuweka mishale yenye majina yale yale. Ukibofya, umevifungulia mlango. Mara nyingi faili zenyewe zipo, zimefichwa tu. Usikimbilie kufuta kila kitu.

Linux inapatikana bure. Programu haigusi sehemu nyeti bila nywila, na nyingi hutoka katika ghala linalosimamiwa na watengenezaji wake. Virusi vya flashi vya Windows havifanyi kazi humo, lakini flashi yaweza kuvipeleka kwa jirani.

Mac ina kinga nzuri, ila si kamili. Mwaka 2012 virusi vya Flashback viliingia katika Mac zaidi ya 600,000 duniani.

Android iko mkononi mwako, pamoja na M-Pesa yako. Hatari kubwa ni programu zisizotoka Play Store, hasa zile za kutumiwa kwa WhatsApp.

Hatari ni ufa

Lakini jina la mfumo peke yake halitoshi. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilifunga faili katika nchi zipatazo 150, vikidai dola 300 au zaidi kwa kila mashine. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu. Kumbe Microsoft ilikuwa imetoa dawa ya ufa ule mwezi Machi! Walioumia ni wale ambao hawakuiweka, wengi wao wakitumia Windows 7.

Dawa hizo ni masasisho, ambayo wengi twayaita apdeti. Windows 7 iliacha kupewa Januari 2020. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mfumo usiopata masasisho ni nyumba yenye ufa usiozibwa tena.

Tufanye nini?

1. Kabla ya kununua kompyuta ya mitumba, uliza ina mfumo gani na kama bado unapata masasisho.
2. Mashine ikishindwa kubeba Windows 11, usiitupe. Tafuta fundi akuwekee Linux. Kuandika barua na hesabu inatosha kabisa.
3. Epuka Windows ya wizi. Ile programu ya kuifungulia mara nyingi ndiyo inayobeba virusi.
4. Usizime apdeti ati zinamaliza bando. Kutengeneza mashine ni ghali zaidi.
5. Flashi ikitoka saiba, ikaguliwe na programu ya kuzuia virusi kabla ya kufunguliwa.
6. Weka nakala ya pili ya hesabu za kikundi mahali pengine, na uichomoe kwenye kompyuta. Faili zikifungwa, hutalazimika kumlipa mwizi.

Wiki hii, kabla ya mkutano wa kikundi chenu, fungueni ile kompyuta mtazame: masasisho ya mwisho yaliingia lini?