Baridi ya Usambara nayo ni zao la biashara

UKITOKA Mombo, barabara ya lami inapanda milima ya Usambara Magharibi kwa kona nyingi, inapita Soni penye maporomoko ya maji, na baada ya kilomita 33 hivi inafika Lushoto mjini, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400. Joto la bondeni hubaki nyuma. Msafiri anayeendelea mbele kupitia Magamba na Lukozi hutumia saa nyingine kadhaa kwenye barabara nyembamba, mpaka afike Mtae, kijiji kilichojengwa juu ya mgongo wa mlima. Ukisimama pembezoni mwake, unaiona nyika ya Mkomazi imelala chini sana.

Huko ni mbali, na wakati wa mvua ni mbali zaidi. Hata hivyo wapo watu wanaofunga safari kutoka Dar es Salaam, na wengine kutoka Ulaya, ili walale usiku mmoja au miwili mahali hapo. Hawaendi kununua kabichi. Wanafuata baridi, ukungu, msitu na yale mandhari ya nyika.

Swali la makala haya ni la kibiashara: katika fedha anayotumia mgeni huyo, ni kiasi gani kinabaki mkononi mwa mkulima wa kijiji alichokitembelea?

Upepo mmoja, mavuno mawili

Hali ya hewa ya Usambara ina sababu yake. Upepo unatoka Bahari ya Hindi ukiwa umebeba unyevu, unagonga milima, unalazimika kupanda, unapoa na kumwaga mvua. Upande wa pili, kuelekea Mkomazi, hubaki mkavu. Ndiyo maana mtu akisimama Mtae au Mambo huona kijani nyuma yake na ukame mbele yake.

Japani inayo hali inayofanana na hiyo. Wakati wa kipupwe, upepo mkavu wa Siberia huvuka Bahari ya Japani, huchota unyevu, kisha hugonga milima na kumwaga theluji laini na nyingi, kiasi cha kufunika nyumba hadi madirisha. Katika mkoa wa Nagano kiko kijiji kiitwacho Nozawa Onsen. Zamani theluji hiyo ilikuwa kero: mashamba yanafunikwa, kazi inasimama. Mwaka 1923 wanakijiji walianzisha klabu yao ya mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Kero ikageuka mtaji. Mwaka 1998, Nagano ilipoandaa Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi, baadhi ya mashindano yalifanyika kijijini hapo.

Yapo mambo matatu ambayo mkulima wa Lushoto anaweza kuyatazama.

Kwanza, katika vijiji vya aina hiyo huko Japani, mgeni mara nyingi hulala katika nyumba ya familia. Wakulima waligeuza vyumba vyao kuwa vya kupangisha, na mama mwenye nyumba ndiye anayepika.

Pili, kijiji kina mboga yake ya majani, nozawana, ambayo hutiwa chumvi na kuhifadhiwa kama achari. Mgeni huila mezani, kisha hununua nyingine ya kupeleka kwao. Mboga imebeba jina la kijiji, na jina limeongeza thamani ya mboga.

Tatu, mabafu 13 ya umma yanayotumia maji ya chemchemi za moto hutunzwa na wakazi wenyewe. Kinachomvuta mgeni kiko mikononi mwa jamii.

Lushoto haikuanza jana

Utalii wa baridi si jambo geni Usambara. Wakati wa utawala wa Wajerumani, Lushoto iliitwa Wilhelmstal, na maofisa na walowezi walipanda huko kukimbia joto la pwani. Waingereza nao waliendelea na desturi hiyo. Tofauti ni kwamba wakati ule mwenyeji alikuwa kibarua tu.

Katikati ya miaka ya 1990, shirika la Uholanzi la SNV pamoja na Bodi ya Utalii Tanzania walianzisha mpango wa utalii wa kitamaduni, na Lushoto ikawa miongoni mwa maeneo ya mwanzo. Vijana walifunzwa kuongoza wageni kwa miguu vijijini na msituni, na sehemu ya malipo ikatengwa kwa ajili ya maendeleo ya vijiji. Huko Irente, shamba la kanisa la Kilutheri limejulikana kwa miaka mingi kwa jibini, mkate na jemu. Maziwa na matunda ya mlimani yanauzwa yakiwa yamekwisha kusindikwa, tena mnunuzi anayafuata pale pale yanapotengenezwa.

Huo ndio mfano wa kuigwa. Leo gunia la kabichi au karoti linaondoka Lukozi usiku juu ya lori, mara nyingi kwa bei aliyoitaja dalali, na mara nyingine kwa lumbesa ingawa imepigwa marufuku. Plamsi na peasi zinaiva kwa pamoja na bei inaanguka. Mgeni aliyelala nyumba ya wageni jirani na shamba hilo hilo anaweza kuwekewa mezani jemu ya kopo kutoka nchi nyingine. Hapo fedha imepita mlangoni kwa mkulima bila kubisha hodi.

Hesabu kabla ya godoro

Hata hivyo, msomaji asikimbilie kujenga. Tuchukue mfano wa hesabu, na kila mmoja aweke tarakimu za kwake.

Tuseme familia ina vyumba viwili vya ziada. Kuvisakafia, kununua vitanda, magodoro, mablanketi na shuka kunahitaji Sh1.8 milioni. Choo safi na bafu lenye maji ya moto ni Sh1.2 milioni. Jumla ni Sh3 milioni. Chumba kinalipiwa Sh25,000 kwa usiku pamoja na kifungua kinywa. Chakula, sabuni na kuni vinachukua Sh7,000. Kinachobaki ni Sh18,000.

Kurudisha mtaji kunahitaji malipo ya vyumba 167. Ikiwa vyumba vyote viwili kwa jumla vinapata malipo 100 kwa mwaka, faida ni Sh1.8 milioni na mtaji unarudi baada ya miezi 20. Ikiwa yanapatikana 40 tu, faida ni Sh720,000 na mtaji unachukua zaidi ya miaka minne.

Sasa weka mkopo. Sh3 milioni kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, inayopigwa kwenye kiasi chote ulichokopa, ni riba ya Sh90,000 kila mwezi, yaani Sh1,080,000 kwa mwaka. Mwenye kupangisha mara 40 hawezi kulipa hata riba. Mgeni hajaja, na ng'ombe ameshauzwa.

Kwa hiyo ushauri ni kuanza na kile kilichopo: chumba kimoja, mtaji wa akiba au wa kikundi, na makubaliano na waongoza wageni watakaoleta watu. Kabla ya hapo, ipo njia isiyohitaji godoro hata moja, nayo ni kuiuzia mboga, mayai, maziwa, asali na matunda nyumba ya wageni iliyopo tayari. Mpishi hahitaji gunia. Anahitaji kilo chache zilizo safi, kila siku, bila kukosa. Mkulima mmoja hawezi kutimiza hilo. Kikundi cha wakulima kumi wanaopishana kupanda kinaweza.

Tofauti isiyofichika

Ipo tofauti moja kubwa na Japani. Kule theluji inapoanguka shamba limelala, hivyo mikono iko huru. Usambara wageni wengi hufika kati ya Juni na Septemba na wakati wa sikukuu za Desemba, ilhali mabonde yanayomwagiliwa yanalimwa karibu mwaka mzima. Anayepika na kufua shuka ni mama yule yule anayetarajiwa shambani. Familia isipopanga zamu, na mama asipopata sehemu yake ya fedha, biashara hii itakuwa mzigo mpya juu ya kichwa kile kile.

Aidha, barabara ya vumbi hugeuka tope wakati wa masika. Miezi hiyo isihesabiwe kuwa ya mapato. Na kabla ya kupokea mgeni wa kwanza, ni vyema kufika halmashauri kwa ofisa biashara kuulizia leseni na ushuru.

Lingine ni msitu. Mradi wa SECAP, uliofanya kazi Lushoto kuanzia mwaka 1981 hadi 2000, ulifundisha wakulima kuchimba makinga maji, kupanda nyasi kwenye kingo na kuchanganya miti na mazao. Wakati ule lengo lilikuwa kuokoa udongo. Leo faida imeongezeka: mteremko uliotunzwa unalisha chemchemi, chemchemi inamwagilia karoti, na msitu ule ule wa Magamba wenye ndege na vinyonga wasiopatikana kwingine duniani ndio unaomleta mgeni. Anayechoma kilima anateketeza mazao mawili kwa kiberiti kimoja.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walisema pia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wa siku hizi yuko tayari kulipa ili alishike hilo jembe, achume plamsi mwenyewe na kuonyeshwa jinsi matuta yanavyozuia mmomonyoko. Vijiji vya Mtae, Mambo, Mlalo na vingine vikae katika mikutano yao na kukubaliana mapema nani atapokea, nani atauza, na kiasi gani kitaingia mfuko wa kijiji. Baridi imekuwapo miaka yote. Kinachokosekana ni bei yake, na bei hupangwa na mwenye mali anayeijua thamani yake.