Siku Moja Kilwa Kisiwani: Lugha ya Mwongozaji na Swali la Nani Aliujenga Mji



1.0 Utangulizi

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuitafuta lugha yetu katika kamusi, katika tenzi na katika riwaya. Mara chache tunaitafuta kinywani mwa mtu anayelipwa ujira mdogo ili kuwatembeza wageni juani. Mhadhara huu unakusudia kuonyesha kwamba tumekosea kumpuuza mtu huyo. Nitafanya hivyo kwa kuwachukua katika ziara ya siku moja ya magofu ya Kilwa Kisiwani, katika pwani ya kusini ya Tanzania, ziara ambayo niliifanya pamoja na kundi la wanafunzi.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na ya Songo Mnara yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya mawimbi, mimea na kubomoka kwa kuta, na mwaka 2014 yaliondolewa humo baada ya kazi ya uhifadhi. Hivyo ndivyo mawe yalivyookolewa. Swali langu leo linahusu kitu kingine kilicho hatarini, nacho ni maelezo ya mawe hayo. Hoja yangu ni kwamba maelezo ya mwongoza watalii ni matini kamili ya Kiswahili, na kwamba sarufi ya matini hiyo hutoa jibu la swali ambalo kila mgeni huuliza: nani aliujenga mji huu?

2.0 Kuvuka mlango wa bahari

Ziara huanzia Kilwa Masoko, makao makuu ya wilaya. Mgeni hupata kibali, hupewa mwongozaji, kisha huteremka gatini kupanda mashua. Safari ya kuvuka ni fupi, lakini wakati wake huamuliwa na bahari: maji yakiwa yamekupwa, abiria hushuka mbali na kutembea majini. Hapo somo la kwanza la lugha huwa limekwisha kutolewa. Neno pwani limetokana na kitenzi -pwa, yaani kupungua kwa maji ya bahari, pamoja na kiambishi cha mahali -ni. Kwa mujibu wa neno lenyewe, pwani ni mahali maji yanapokupwa.

Jambo hili halihusu etimolojia peke yake. Tarikh ya Kilwa, ambayo iliandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16 na ambayo nakala yake ya mwaka 1877 imehifadhiwa London, ina kisa cha kuanzishwa kwa mji. Mgeni kutoka Shiraz alikikuta kisiwa kikiwa na mwenyewe, mtawala wa bara, akakinunua kwa nguo za kukizunguka chote. Ndiyo sababu mwanzilishi huyo hukumbukwa kwa jina la utani la Kiswahili, Nguo Nyingi. Wakati huo, maji yakipwa, watu walivuka kwa miguu. Baada ya kununua, mgeni alichimba kivuko kile, bahari ikaingia isitoke tena. Mtawala aliporudi alisimama ng'ambo akingoja maji yapwe, nayo hayakupwa.

Wengi hukisimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba mji uliletwa kutoka ng'ambo ya bahari. Tukisome tena. Tarikh inasema wageni walipofika walimkuta Mwislamu mmoja pamoja na watoto wake, na pia msikiti. Jina lake limeandikwa Muriri wa Bari. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataitambua -a unganifu iliyokaa katikati ya jina hilo, ndani ya maandishi ya Kiarabu. Kwa hiyo tarikh ile ile inayomsifu mgeni inakiri kwamba alitanguliwa na watu, na msikiti, na sarufi ya Kibantu.

3.0 Majina ya majengo

Jengo la kwanza kumkabili mgeni ufukweni ni Gereza. Wanafunzi wangu waliuliza mara moja ni wafungwa gani waliowekwa humo. Wareno walijenga ngome mahali hapo mwaka 1505 na kuondoka mwaka 1512. Sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ni ya mwanzoni mwa karne ya 19, wakati wa utawala wa Waomani. Neno gereza hunasibishwa na neno la Kireno igreja, maana yake kanisa. Limesafiri kutoka kanisa hadi ngome, na kutoka ngome hadi kifungo. Anayesikia maelezo kwa lugha ya kigeni hupata jina tu. Anayeyasikia kwa Kiswahili hupata pia njia ambayo neno limepita, na njia hiyo ni historia fupi ya namna wenyeji walivyoyaona majengo ya Wareno.

Hapa pia mwongozaji hana budi kusema jambo zito. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifanya mkataba na sultani wa Kilwa wa kununua watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Ufaransa katika Bahari ya Hindi. Fahari ya mji na biashara ya watu vilikutana katika ufuko huu. Mwongozaji wetu hakulificha jambo hilo, nasi tulikaa kimya kwa muda.

Magharibi kuna Makutani, kasri lililozungukwa na kuta. Jina lake halihitaji kamusi: makuta ni kuta kubwa, na -ni ni mahali. Mashariki, juu ya mwamba unaoitazama bahari, kuna Husuni Kubwa, kutokana na neno la Kiarabu la ngome, ingawa jengo lilikuwa kasri. Tukiyatazama majina hayo pamoja, tunaona Kireno, Kibantu na Kiarabu vikiishi jirani. Hata hivyo, yote matatu hutamkwa kwa silabi wazi za Kiswahili, na yote hupokea viambishi vya Kiswahili. Maneno yamekopwa, lakini nyumba yaliyokaribishwa ni ya mwenyeji.

4.0 Mbele ya ukuta wa Msikiti Mkuu

Tulipofika Msikiti Mkuu, mwongozaji alisimama mbele ya mihrabu na kutoa maelezo aliyokwisha kuyatoa mara nyingi. Sehemu ya kaskazini ni kongwe zaidi, ya karne ya 11 na 12. Upanuzi mkubwa ulifanywa mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na baadaye nguzo na kuba zilijengwa upya. Alitutajia pia kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji. Maelezo yalikuwa sahihi. Lakini niliyasikiliza kwa sikio la mwanaisimu, nikaona kwamba vitenzi vyake vilikuwa vya aina mbili tu: kauli ya kutendwa, ulijengwa, ulipanuliwa; na nafsi ya tatu wingi, walikuja, walijenga, waliondoka. Katika historia yote hiyo, msemaji mwenyewe hakuwamo.

Ndipo mwanafunzi mmoja akagusa ukuta na kuuliza, "Kaka, hiki kilichoshika mawe ni nini, na kinatengenezwaje?"

Mwongozaji alibadilika. Alieleza kwamba kuna mawe ya aina mbili. Yale ya mwamba wa nchi kavu ni magumu, ndiyo ya kuta. Matumbawe hutolewa baharini, nayo yakiwa bado mabichi ni laini, hukatwa na kuchongwa kwa urahisi, kisha hukauka na kuwa magumu. Ndiyo ya mihrabu na miimo ya milango. Matumbawe hayo hayo yakichomwa juu ya tanuri la magogo hutoa chokaa. Kuhusu dari za nyumba, alisema upana wa chumba hufuata urefu wa boriti ya mkoko, ndiyo maana vyumba vya Waswahili ni virefu na vyembamba. Kuba zilikuwa njia ya kulikwepa sharti hilo.

Angalieni vitenzi vya maelezo haya ya pili. Alisema: tunapanga magogo, tunachoma, tunaacha mpaka mvua ianguke, tunachanganya na mchanga. Hakuna aliyemfundisha kusema tu-. Kiambishi hicho kilikuja chenyewe mara alipoacha kueleza nani na kuanza kueleza vipi. Mtu yule yule, mbele ya ukuta ule ule, alikuwa mpita njia katika maelezo ya kwanza na fundi katika maelezo ya pili.

Nadhani sababu inafahamika. Maelezo ya kwanza yalitungwa mahali pengine. Kwa miaka mingi habari za Kilwa ziliandikwa kwa Kiingereza na wanaakiolojia, hasa Neville Chittick, aliyechimba hapo katika miaka ya 1950 na 1960 na kuchapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1974. Tunamshukuru kwa vipimo na tarehe. Lakini wasomi wa kizazi chake waliitazama miji ya pwani zaidi kama kazi ya wahamiaji. Mtazamo huo ulipofasiriwa kwa Kiswahili, kiambishi wa- kilikuja nao. Maelezo ya pili hayakufasiriwa kutoka popote.

5.0 Nani aliujenga mji?

Je, wa- ni kosa na tu- ni ukweli? La. Mwanataaluma hapaswi kukimbia kosa moja na kuangukia jingine. Ushahidi wa isimu unaonyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu ya tawi la Sabaki, ndugu wa Kimijikenda, Kipokomo na Kikomoro. Maneno ya msingi ya ujenzi kama nyumba, ukuta, mlango, jiwe na kisima ni yake ya asili. Uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, katika funguvisiwa la Lamu, ulionyesha mji ulioanza kwa udongo na miti na kukua polepole hadi majengo ya mawe. Kwa upande mwingine, utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, ambao uliwahusisha watu waliozikwa Kilwa na Songo Mnara miongoni mwa miji mingine, ulionyesha mchanganyiko ulioanza yapata mwaka 1000. Wengi wao walikuwa na asili ya Afrika hasa kwa upande wa mama, na ya Asia, zaidi Uajemi, kwa upande wa baba. Kisa cha Nguo Nyingi si uzushi mtupu, lakini si habari kamili. Lugha ambayo watoto hao waliikuza ilibaki kuwa ya upande wa mama.

Sarafu za shaba za Kilwa zinatoa mfano mzuri. Zina maandishi ya Kiarabu, na maneno ya upande mmoja huwa na kina kimoja na ya upande wa pili. Zimepatikana mbali na Kilwa, Zimbabwe na hata katika kisiwa kimoja cha kaskazini mwa Australia. Hati ni ya kigeni. Aliyeitoa sarafu ni mtawala wa Kilwa, kwa mahitaji ya soko la Kilwa. Ndivyo ilivyo hata Husuni Kubwa, yenye vyumba zaidi ya 100 na birika la pembe nane: mtindo wake uliwaza mbali, mawe yake yalitolewa hapa.

Kuna neno moja zaidi la kupimwa, nalo ni magofu. Gofu ni jengo lililobomoka. Lakini kutoka msikitini tulipita kando ya nyumba za kijiji, ambako moshi ulikuwa ukitoka na watoto walitusalimu shikamoo. Makaburi yapo, na waliozikwa humo wana wanaowaombea. Tukikiita kisiwa chote magofu tunawafanya wakazi wake wawe wageni wa pembezoni mwa kuta zao. Kilwa Kisiwani ni mji wenye magofu ndani yake, na mgeni anayesimuliwa hivyo atabisha hodi kabla ya kupiga picha.

6.0 Hitimisho

Jioni tulirudi gatini kwa haraka kwa sababu maji yalikuwa yanaanza kupwa. Nimebaki na mapendekezo matatu. Kwanza, wanafunzi wa isimu na fasihi simulizi wawarekodi waongoza watalii, mafundi wa chokaa na manahodha wa Kilwa kwa idhini yao, kwa kuwa istilahi za ujenzi wanazozijua hazimo zote katika kamusi zetu. Pili, idara zetu zishirikiane nao kuandika kitabu cha mwongozo kwa Kiswahili kilichotungwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, si kufasiriwa. Tatu, kila mmoja wetu atakayekwenda huko aulize vipi kabla ya kuuliza nani.

Swali la nani aliujenga mji wa Kilwa litaendelea kujadiliwa na wanaakiolojia, wanahistoria na wanajenetiki, na ni haki yao. Sisi wa Kiswahili tuna jukumu letu: kuhakikisha kwamba anayelijibu pale kisiwani, mbele ya ukuta, ana nafasi katika sentensi yake mwenyewe.